Freddie Mercury: Mzaliwa wa Mji Mkongwe aliyetikisa majukwaa ya dunia

FREDDIE Mercury, mwimbaji kiongozi wa kundi la muziki wa roki la Queen la Uingereza, alizaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Dunia ilimtambua mapema. Kisiwa alichozaliwa kilichukua muda mrefu zaidi.

Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, na wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba yake alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, ambako alijifunza piano na kujiunga na bendi ya wanafunzi, The Hectics. Alirejea Unguja mwaka 1963, lakini baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, familia hiyo ilihamia Feltham, pembezoni mwa London.

Alihitimu masomo ya sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing mwaka 1969. Mwaka uliofuata aliungana na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor kuunda Queen, jina alilolichagua yeye mwenyewe. Nembo ya kundi pia aliibuni yeye. John Deacon, mpiga besi, alijiunga nao mwaka 1971.

Mwaka 1975 wimbo alioutunga, Bohemian Rhapsody, wenye urefu wa karibu dakika sita, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Julai 13, 1985, katika tamasha la Live Aid la kuwachangia waathirika wa njaa nchini Ethiopia, aliuimbisha umati uliofurika uwanja wa Wembley kwa takriban dakika 20, onyesho linalohesabiwa miongoni mwa bora zaidi katika historia ya roki.

Mwaka 1987 aligundulika kuwa na virusi vya Ukimwi, akaifanya habari hiyo kuwa siri. Aliitangaza Novemba 23, 1991, na kufariki dunia siku iliyofuata akiwa na umri wa miaka 45. Ibada ya mazishi iliendeshwa kwa taratibu za dini ya wazazi wake. Baadaye wenzake walianzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust, unaosaidia mapambano dhidi ya Ukimwi.

Enzi za uhai wake, Mercury hakupenda kuzungumzia utoto wake hadharani. Zanzibar nako kumbukumbu yake ilizua mvutano: mwaka 2006 jumuiya ya Uamsho ilipinga sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, ikisema mwenendo wake ulikwenda kinyume na maadili ya Uislamu, na sherehe ikafutwa. Miaka 13 baadaye, mwaka 2019, makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe, mtaa uleule alikokulia.