Karatasi na uchapishaji ufaao kwa kazi za mikono za watoto

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, mzazi wa mwanafunzi wa gredi za chini amekuwa mteja wa kila mara katika vituo vya kuchapisha. Leo ni uso wa saa, kesho ni mchemraba, kesho kutwa ni vikaragosi vya vidole. Malalamiko kuhusu gharama yana msingi. Hata hivyo, aghalabu pesa hupotelea katika mambo mawili: rangi isiyohitajika na karatasi isiyooana na kazi.

Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa kila mita mraba, na hiyo ndiyo tarakimu iliyoandikwa kwenye rimu. Karatasi ya A4 ni sehemu moja ya 16 ya mita mraba, hivyo basi ile ya kawaida ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 tu. Hiyo yatosha kwa krayoni, kukata na kubandika daftarini, au kukunja mashua. Haifai kwa rangi ya maji, maadamu hujikunja na kutoboka mtoto akirudiarudia brashi mahali pamoja. Kwa kitu kinachotakiwa kusimama chenyewe, kama vile mchemraba, tafuta ya gramu 160 hivi. Manila si lazima ipitishwe kwenye mashine, kwani huenda ikakwama. Chapisha kwenye karatasi nyepesi, kisha uibandike juu ya manila au kipande cha katoni.

Isitoshe, karatasi ina nyuzi zilizolala upande mmoja, mithili ya ubao. Ichane ujionee: upande mmoja huchanika kwa mstari ulionyooka, mwingine huenda mrama. Mkunjo unaofuata nyuzi hutoka safi, ilhali unaozikata huacha mipasuko, hasa kwenye manila.

Kuhusu wino, mashine za leza na za fotokopi hutumia unga unaoyeyushwa kwa joto na kugandamana na karatasi. Hautoki kwa maji, ingawa hubanduka penye mikunjo. Wino wa majimaji, hasa wa rangi, huweza kuchuruzika ukiguswa na gundi mbichi. Basi kazi ya gundi ya unga wa ngano au ya rangi ya maji ichapishwe kwa leza. Onyo: karatasi ya picha iliyotengenezewa wino wa majimaji isiingizwe kwenye leza, kwa kuwa joto laweza kuiyeyusha na kuiharibu mashine.

Vielelezo vingi vya intaneti hutoka Marekani, ambako karatasi ya kawaida ina milimita 216 kwa 279, wala si 210 kwa 297 kama A4 yetu. Mashine ikiachwa ijipimie, huenda ikaupunguza mchoro. Kwa kikaragosi si hoja. Kwa rula ya karatasi, mtoto atajifunza sentimita ambazo si sentimita. Mwambie mhudumu achapishe kwa asilimia 100, kisha upime nakala ya kwanza kwa rula halisi kabla ya kulipia nakala 40 za darasa zima.

Kiasi cha kuchapisha nacho kina uzito wake. Kielelezo kilichokamilika kwa rangi zote humwachia mwanafunzi kazi ya makasi pekee. Uso wa saa uchapishwe duara na vistari 12 kwa wino mweusi, tarakimu aziandike mwenyewe. Aidha, achorewe duara la pili kwa ndani la kujazia saa za Kiswahili: penye 7 aandike 1, penye 8 aandike 2. Hapo ndipo ataelewa kwa nini akrabu fupi ikielekea 7 asubuhi nyanya husema ni saa moja.

Kufunika kwa plastiki kuachiwe kadi za herufi zitakazoshikwa na darasa zima muhula mzima. Kwingineko ni hasara, kwani penseli haiandiki vyema juu ya plastiki.