Wakala au gereji ya mtaani? Dhamana ndiyo huamua

Kabla ya kupeleka gari kwenye matengenezo, mmiliki hana budi kujiuliza kwanza iwapo dhamana ya kiwanda ingalipo. Gari jipya hufuata ratiba ya kilomita au miezi iliyomo katika kitabu chake. Asiyeifuata aweza kupoteza haki ya kutengenezewa injini bila malipo. Hivyo kwa wakala ndiko mahali salama.

Hali ni tofauti kwa magari yaliyotumika kutoka Japani, yaliyojaa katika barabara za Tanzania na Kenya. Nchini Japani, dhamana ya Toyota kwa kawaida ni miaka 3 au kilomita 60,000, na kwa injini miaka 5 au kilomita 100,000. Mengi huingia bandarini muda huo ukiwa umekwisha. Kwa magari hayo, gereji yenye fundi hodari yatosha, na mara nyingi ni nafuu.

Hata hivyo, mteja adai stakabadhi, aoneshwe vipuri vilivyotolewa, na kopo jipya la oili lifunguliwe mbele yake. Oili bandia huokoa shilingi chache na kuua injini nzima.