Ndege wawili wa Brazil: mmoja alijificha kwa jina la mwenzake mpaka akatoweka

Kaskazini mashariki mwa Brazil waliishi ndege wawili wa msituni, wa familia moja, waliofanana kama pacha: Philydor novaesi na Cichlocolaptes mazarbarnetti. Wote rangi ya kahawia iliyoiva, na wote wamejulikana sehemu mbili tu, Murici katika jimbo la Alagoas na Frei Caneca katika jimbo la Pernambuco.

Philydor ndiye aliyetangulia kujulikana. Aligunduliwa Murici mwaka 1979, akapewa jina la kisayansi 1983. Kumbe mwenzake alikuwa palepale! Hata ndege mmoja aliyekusanywa Murici mwaka 1986 na kuhifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Rio de Janeiro, aliandikwa kuwa ni Philydor.

Kilichomfichua ni sauti. Mwaka 2002 Juan Mazar Barnett, mtaalamu wa ndege kutoka Argentina, alisikia huko Murici mlio usiolingana na wa Philydor.

Basi wanatofautianaje? Cichlocolaptes ni mkubwa kidogo, mzito zaidi, mdomo wake mnene na utosi wake mweusi. Philydor ana mstari hafifu wa rangi ya maziwa juu ya jicho, ambao mwenzake hana. Yaani ukimwona kwa sekunde mbili juu ya mti, utakosea tu.

Kwenye chakula ndipo walipoachana kabisa. Philydor alipekua majani makavu na magome akitafuta wadudu, mara nyingi akiwa kwenye kundi la ndege wengine. Cichlocolaptes alichimba zaidi ndani ya bromelia, mimea jamii ya nanasi inayoota juu ya matawi. Bromelia nyingi hukaa kwenye miti mikubwa ya zamani, na miti hiyo ndiyo iliyokuwa ikikatwa kwa mbao, mkaa, malisho na mashamba ya miwa.

Mara ya mwisho Cichlocolaptes kuonekana ilikuwa 2007. Mazar Barnett alifariki 2012, na maelezo ya spishi hiyo, aliyoyaandika na Dante Buzzetti, yakatoka 2014 yakimtambulisha ndege ambaye tayari alikuwa na miaka saba bila kuonekana.

Philydor alionekana mara ya mwisho Frei Caneca, 2011. Wote wawili sasa wameorodheshwa na IUCN kuwa wametoweka duniani.