Kutoka Kemia Kwenda Uhandisi wa Kemikali

Kemia na uhandisi wa kemikali zinakaribiana kwa jina kuliko kwa masomo. Mkemia hushughulika na maada yenyewe: imeundwaje, humenyukaje, hupimwaje. Mhandisi wa kemikali huanzia pale mkemia anapoishia. Mmenyuko umeshajulikana, kinachotafutwa ni namna ya kuuendesha usiku na mchana, kwa tani, bila kulipua kiwanda wala kumfilisi mwenye mali. Mwanafunzi anayehama kutoka fani ya kwanza kwenda ya pili, jambo la kawaida katika vyuo vya Marekani, huwa anaiacha sehemu kubwa ya kemia na kuingia katika hisabati na fizikia. Wengi huligundua hilo wakiwa wameshahama.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri katika kisa cha amonia. Mwaka 1909, huko Karlsruhe, Ujerumani, Fritz Haber alionyesha kwamba naitrojeni ya hewani inaweza kuunganishwa na hidrojeni kwa kutumia kichocheo, joto kali na shinikizo kubwa. Mtambo wake ulitosha juu ya meza na amonia yake ilikuwa ikidondoka tone kwa tone. Kwa upande wa kemia, kazi ilikuwa imekwisha. Carl Bosch, wa kampuni ya BASF, alipojaribu kuikuza, mabomba ya chuma cha kaboni yalipasuka: hidrojeni ilikuwa ikipenya ndani ya chuma na kuila kaboni inayokipa ugumu. Dawa aliyoipata ilikuwa kuweka ndani ya bomba bitana ya chuma laini kisicho na kaboni nyingi, na kulitoboa bomba la nje vitundu vidogo ili hidrojeni inayopenya itoke bila kudhuru. Kiwanda cha Oppau kilianza kazi mwaka 1913. Haber alipata tuzo ya Nobel ya mwaka 1918, Bosch ya mwaka 1931. Inafaa kutajwa kwamba Bosch mwenyewe alihama kinyume: alianza na masomo ya madini na mitambo, ndipo akachukua shahada ya udaktari katika kemia.

Ukuzaji una ugumu wake hata pale bomba lisipopasuka. Chombo cha duara kikiongezwa kipenyo mara 10, ujazo wake huongezeka mara 1,000, lakini uso wake wa kutolea joto huongezeka mara 100 tu. Mmenyuko unaopoa wenyewe ndani ya chupa ya maabara unaweza kuchemka na kulipuka ndani ya tangi. Kwa sababu hiyo mhandisi husoma mwendo wa vimiminika ndani ya mabomba, upitishaji wa joto, utenganishaji wa michanganyiko, usanifu wa vinu vya mmenyuko na udhibiti wa mitambo. Mengi kati ya hayo mkemia hayagusi kabisa.

Mlango wa masomo hayo yote ni somo moja la mwaka wa pili: mizania ya maada na nishati. Kanuni yake ni nyepesi, kwamba kilichoingia ama kimetoka ama kimebaki ndani. Chukua kilo 100 za maji ya bahari yenye chumvi asilimia 3.5, uyakaushe hadi chumvi ifikie asilimia 25. Chumvi ni kilo 3.5 mwanzo hadi mwisho. Hivyo maji mazito yanayobaki ni kilo 14, na kilo 86 zimepaa kuwa mvuke. Kila kilo ya maji yanayochemka hudai takriban kilojuli 2,260 ili igeuke mvuke, kwa hiyo kilo 86 zinadai zaidi ya kilojuli 194,000, bila kuhesabu joto la kuyafikisha kwenye kuchemka. Hapo mtu anaelewa kwa nini wazalisha chumvi wa Bagamoyo wanaitegemea nishati ya jua, isiyolipiwa. Mwanafunzi anayeipenda hesabu hiyo, pamoja na swali lake la gharama, atakuwa nyumbani katika uhandisi. Anayeiona kero heri abaki na kemia yake, wala hajapungukiwa kitu.

Sasa upande wa utaratibu. Kemia ya mwaka wa kwanza, kemia ya kikaboni, fizikia na kalkulasi kwa kawaida huhesabiwa kotekote. Kinachokosekana mara nyingi ni hisabati ya juu zaidi na programu za kompyuta. ABET, chombo kinachothibitisha shahada za uhandisi Marekani, hudai walau krediti 45 za masomo ya uhandisi, na kemia haiwezi kuzijaza. Isitoshe, masomo hayo hufuatana kama mnyororo: bila mizania huingii kwenye thamodinamiki ya uhandisi, na idara nyingi hufundisha mizania mara moja tu kwa mwaka. Anayehama mwaka wa kwanza huenda asipoteze kitu. Anayehama mwaka wa tatu huongeza mwaka mzima au zaidi, pamoja na ada yake. Mwanafunzi mgeni mwenye viza ya F-1 lazima pia apitie ofisi ya wanafunzi wa kigeni ili hati yake ya I-20 irekebishwe.

Afrika Mashariki mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa mwanafunzi hudahiliwa moja kwa moja kwenye programu maalumu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shahada ya kemia ni ya miaka 3 na ya uhandisi ni ya miaka 4. Shahada ya kemia peke yake haimpi mtu usajili wa uhandisi, si kwa bodi ya Tanzania wala ya Kenya.

Kuna pia njia ya kumaliza kemia kwanza, kisha kusoma uzamili wa uhandisi baada ya masomo machache ya kuziba pengo. Idara kadhaa za Marekani hukubali. Lakini anayetaka leseni aulize mapema, maana bodi nyingi hutazama shahada ya kwanza.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu ya kuhama, omba chati ya masomo ya idara unayoiendea, tafuta somo la mizania, kisha angalia linafundishwa muhula gani na linadai nini kabla yake.