Gongo Lililoilazimu Softiboli Kujenga Maabara

Softiboli ilianza kama utani wa ndani ya nyumba. Siku ya Shukrani ya Novemba 1887, vijana katika klabu ya mashua ya Farragut, mjini Chicago, walikuwa wakisubiri matokeo ya mechi kati ya Yale na Harvard. Yale iliposhinda, mmoja wao akarusha glovu ya ngumi kwa furaha, mwenzake akaipiga kwa fimbo. George Hancock, mwandishi wa habari, aliikaza glovu ile kwa kamba zake ikawa duara, akachora mistari kwa chaki na mchezo ukaanza. Uliisha kwa pointi 41 kwa 40.

Kwa zaidi ya miaka 80 baada ya hapo, gongo lilikuwa mti. Mmarekani William Shroyer alipata hataza ya gongo la metali mwaka 1924, lakini wazo lake lililala hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale kampuni kama Worth na Easton zilipoingiza magongo ya alumini sokoni. Sababu ya kwanza ilikuwa gharama, kwani mti huvunjika na alumini hudumu. Ila wachezaji waligundua upesi jambo jingine: mpira ulikuwa unakwenda mbali zaidi.

Kwa nini? Gongo linapokutana na mpira, mguso hudumu takriban elfu moja ya sekunde. Katika muda huo mpira wa gramu 190 hivi hubonyezwa, husimamishwa na kugeuzwa njia, kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja. Mikono ya mpigaji haina la kufanya tena hapo, maana mpira huwa umeshaondoka kabla mtetemo haujafika kiganjani na kurudi. Hesabu yote ilifungwa wakati akizungusha gongo.

Hasara kubwa iko ndani ya mpira wenyewe. Baadhi ya mipira ya softiboli hupigwa chapa .44 au .47, yaani sehemu ya kasi inayobaki baada ya mpira kudunda. Mpira wa .44 ukigonga kitu kigumu kisichosogea kwa kasi ya kilomita 97 kwa saa, hurudi kwa kilomita 43 hivi. Karibu asilimia 80 ya nishati imepotea, nyingi ikiwa joto. Gongo la mti ni gumu, kwa hiyo huuacha mpira ubonyee na kubeba hasara hiyo yote.

Gongo la alumini lina uwazi ndani, na ukuta wake una unene wa milimita chache tu. Likigongwa hubonyea kidogo na kurudi, mithili ya kitanda cha kamba kinavyompokea mtoto na kumrusha juu. Metali inapobonyea hupoteza nishati kidogo sana kuliko mpira, hivyo kila sehemu ya mbonyeo inayohamia kwenye ukuta wa gongo ni nishati iliyookolewa. Daniel Russell, mtaalamu wa fizikia ya sauti nchini Marekani, ameeleza kwamba ule mlio mkali wa "ting!" unatokana na mtetemo huohuo wa ukuta. Mashabiki wa zamani wanaouchukia mlio huo wanachukia, bila kujua, kile kinachoupeleka mpira mbali.

Kuna faida nyingine. Mwanafizikia Alan Nathan wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliyechunguza besiboli kwa miaka mingi, anaonyesha kwamba kila kilomita moja inayoongezwa kwenye kasi ya gongo huupa mpira unaoondoka kilomita 1.2 hivi, ilhali kilomita moja ya ziada kutoka kwa mrushaji huongeza 0.2 tu. Gongo lenye uwazi huzungushwa upesi, na upesi ndio unaolipa.

Kriketi ilikutana na mtihani huohuo ikaumaliza mara moja. Desemba 1979, mjini Perth, Dennis Lillee wa Australia aliingia uwanjani na gongo la alumini. Nahodha wa Uingereza, Mike Brearley, alilalamika kwamba linaharibu mpira, mchezo ukasimama, na Lillee akalitupa kwa hasira. Sheria za mwaka 1980 zikaagiza kwamba bapa la gongo liwe la mti.

Softiboli haikufunga mlango, na watengenezaji waliingia kwa fujo. Magongo ya titani yalitokea mwaka 1993 yakapigwa marufuku muda mfupi baadaye. Yakafuata ya kuta mbili, kisha ya nyuzi za kaboni. Haya ya kaboni yana tabia ya ajabu: kadiri yanavyotumika, nyuzi zinalegea na gongo linazidi kurusha. Wajanja wakaona kusubiri ni kupoteza muda. Wakayapitisha kwenye mashine za kuyakandamiza, au wakakwangua kuta kwa ndani.

Aliyekuwa hatarini ni mrushaji. Katika softiboli ya wanawake husimama mita 13.1 kutoka kwa mpigaji, na mpira unaorudi kwa kilomita 158 kwa saa humfikia kwa takriban sekunde 0.3. Kasi hiyo, maili 98 kwa saa, ndiyo kikomo kilichowekwa na shirikisho la Marekani, ASA, mwaka 2004. Badala ya kuuliza gongo limetengenezwa kwa kitu gani, maabara hulifunga kwenye mhimili, hulifyatulia mpira kwa mzinga wa hewa, na kupima kasi ya kuja na ya kurudi. Ni uamuzi wenye busara kuliko ule wa kriketi, ingawa una gharama: kila ubunifu mpya ni kipimo kipya.

Baadaye shirikisho liliugeukia mpira wenyewe na kuruhusu ulio laini zaidi. Mpira laini hausukumi sana ukuta wa gongo, kwa hiyo gongo kali hukosa sehemu kubwa ya ukali wake.

Mchezo huo unarudi kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Mechi zake zimepangiwa Oklahoma City, yaliko makao makuu ya shirikisho lililoweka kikomo cha maili 98, ambalo sasa linaitwa USA Softball.