Safari ya mafuta ya mbaiki

Mbegu ya mbaiki ina madoadoa na tumbo la kupe aliyeshiba. Warumi nao waliona hivyohivyo, wakaiita ricinus, yaani kupe. Pwani mti wake ni mbarika au mbono. Huku Kitui na Makueni, Kenya, humea penye ukame, mara nyingi bila kupandwa na mtu.

Kuyapata mafuta yake nyumbani ni kazi ya chungu na subira. Mbegu hukaangwa, hutwangwa, huchemshwa kwa maji mengi, kisha mafuta yanayoelea huenguliwa kidogokidogo kwa kata. Moto huo una maana yake. Mbegu hubeba risini, sumu kali isiyochanganyika na mafuta: hubaki kwenye mashudu, na joto huiharibu. Mafuta yaliyoenguliwa yalipakwa ngozi ya mtu na ngozi ya mnyama.

Wanakemia walivutiwa na jambo jingine. Damu kwa sehemu kubwa ni maji, na dawa nyingi hazikubali maji. Ukizitia mshipani zilivyo, zitagandamana. Zinahitaji mbebaji. Takriban sehemu tisa kwa kumi za asidi za mafuta ya mbaiki ni asidi ya risinoleiki, yenye mkono mmoja ambao mafuta mengine mengi hayana, na hapo ndipo kemia hupata pa kushika. Kampuni ya BASF ya Ujerumani iliyaunganisha mafuta ya mbaiki na oksidi ya ethilini ikapata Cremophor, inayojipanga majini kuwa vitone visivyoonekana na kuificha dawa ndani. Paklitakseli, dawa ya saratani kutoka gome la mti wa Marekani, iliidhinishwa huko mwaka 1992 ikiwa imeyeyushwa humo.

Mbebaji huyo hakuwa mpole kwa kila mtu. Propofoli, dawa ya usingizi, ilijaribiwa kwanza ndani ya Cremophor, wagonjwa wengine wakapata mzio mkali. Iliingia sokoni mwaka 1986 ikiwa nyeupe kama maziwa, katika vitone vya mafuta ya soya na lesithini ya kiini cha yai. Njia hiyo ilifunguliwa na Arvid Wretlind wa Uswidi, aliyewalisha wagonjwa mafuta kupitia mshipa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wapo pia wabebaji wengine wa jamii ya mafuta. Mwaka 1965 Alec Bangham wa Uingereza alieleza vifuko vya lipidi vinavyojifunga vyenyewe majini. Miaka ya 1990 Rainer Müller wa Berlin na Maria Rosa Gasco wa Turin walitengeneza chembe za nano za mafuta magumu. Chanjo za Korona za Pfizer na Moderna za 2020 ni za ukoo huo, ingawa lipidi zake kuu ziliundwa maabara.

Na mbaiki yetu? Julai 2022 kampuni ya Eni ilianza kukamua mbegu Makueni, na shehena ya kwanza ikasafirishwa kwenda Gela, Sicily, kuwa nishati ya magari. Mkulima amepata soko, nami nafurahi. Lakini natamani hata mapipa machache yasafishwe hapa kwa ajili ya dawa, kwa sababu kazi hiyo haijaisha. Paklitakseli ya kawaida, iliyoyeyushwa katika Cremophor, ingali inatumika. Muuguzi humpa mgonjwa kwanza dawa za kuzuia mzio, kisha hutundika chupa ya kioo, kwani mbebaji huyo hunyonya kemikali za plastiki laini. Matone yanayoshuka taratibu humo yana mafuta ya mbaiki.