Ukipiga simu ya dharura, gari litoke wapi?

Ajali ikitokea Mackinnon Road, karibu na msikiti wa Sayyid Baghali, kiserikali hapo ni Kwale. Lakini hospitali ya rufaa iliyo karibu ni ya Moi, Voi, ndani ya Taita Taveta. Majeruhi hana habari na mpaka wa kaunti. Anachotaka ni gari lifike.

Hapo ndipo panapoonekana faida ya kituo cha pamoja cha simu za dharura. Tangu 2013 huduma za hospitali ziko chini ya kaunti, na ambulansi vilevile. Kituo cha pamoja huziona zote. Mpokeaji simu huuliza mahali, tukio na idadi ya majeruhi, hutuma gari lililo karibu, liwe la kaunti yoyote, kisha huiarifu hospitali ijiandae.

Nasi wapigaji tuna wajibu. Huku Wusi barabara ni za mlimani, zenye kona nyingi. Usiseme "niko Wusi" ukanyamaza. Taja shule, msikiti, kanisa au duka lililo karibu, usikate simu kabla hujaambiwa, na mtu asimame njiani kulipokea gari. Nambari za polisi ni 999, 112 na 911.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo huanzia barabarani, si mlangoni mwa hospitali. Kaunti sita za Pwani tayari zina Jumuiya yao. Ambulansi nazo ziwe na jumuiya.